Fuata mji, usifuate timu: mwongozo kamili wa kwenda kutazama mashindano makubwa ya soka nje ya nchi kwa fedha kidogo

Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukaa jukwaani kwenye Kombe la Dunia, AFCON (mashindano ya mataifa ya Afrika) au Euro (mashindano ya mataifa ya Ulaya), akaimba mpaka sauti ikakauka, akarudi nyumbani bila deni. Wengi wanaoshindwa hukwama kwenye mpangilio. Tiketi ya ndege inakatwa kabla ya viza, malazi yanasubiri mpaka bei zimepaa, na safari nzima inafungwa kwenye mkia wa timu moja ambayo hakuna ajuaye itacheza wapi wiki ijayo. Hapa chini nimepanga hatua kwa mfuatano unaolinda fedha zako. Uamuzi mmoja utajitokeza karibu katika kila hatua, kwa kuwa unaokoa kuliko mbinu nyingine yoyote ninayoijua: chagua mji, kaa hapo, uache timu zije kwako.

Kwa nini mji

Tazama Kombe la Dunia la 2026: timu 48, mechi 104, miji 16 ya Marekani, Kanada na Meksiko. Kutoka Vancouver hadi Miami ni zaidi ya kilomita 4,000. Anayeifuata timu yake analazimika kununua ndege ya ndani kila baada ya siku chache, tena dakika za mwisho, akigombea viti na maelfu ya wenzake wenye jezi ileile. Wakati huohuo Dallas peke yake ilipangiwa mechi 9, na tarehe zake zilijulikana muda mrefu kabla ya kujulikana nani atacheza na nani. Aliyeamua kukaa Dallas aliweza kupanga safari mapema kabisa, wakati mfuasi wa timu bado anasubiri droo, yaani kura ya kupanga makundi.

Mfano unaonivutia zaidi ni Euro 2024 nchini Ujerumani. Kati ya miji 10 iliyoandaa mechi, minne ilikuwa kwenye jimbo moja la magharibi: Cologne, Düsseldorf, Gelsenkirchen na Dortmund. Treni za kawaida zinaiunganisha, na kutoka Cologne mpaka Dortmund ni kama saa moja na ushee. Miji hiyo minne ilipata mechi 20 kati ya 51 za mashindano yote. Katikati yake iko miji kama Essen, Bochum na Duisburg, ambayo haikuwa na mechi hata moja. Shabiki aliyepanga kitanda Essen aliweza kuamka asubuhi, akachagua uwanja kama mtu anayechagua kituo cha kushukia, na usiku akarudi kwenye kitanda kilekile. Hakuhamisha begi, hakulipa hoteli mpya, wala hakupoteza nusu siku kwenye uwanja wa ndege.

Najua kuna atakayesema hasafiri umbali wote huo kutazama timu za watu. Namwelewa, na kuna njia ya katikati. Subiri droo, angalia mechi tatu za makundi za timu yako, halafu weka kambi kwenye mji ambao inacheza mechi mbili, au kwenye mji ulio jirani na viwanja viwili. Mechi ya tatu itazame kwenye eneo la mashabiki, yaani pale mjini palipowekwa skrini kubwa. Siku nyingine ingia uwanjani kutazama mataifa mengine, na amini maneno yangu: mechi ya timu mbili usizozifahamu, ukiwa umezungukwa na watu waliovuka bahari kwa ajili yake, inaweza kukaa moyoni kuliko ile uliyoifuata.

Hatua ya 1: Chagua mashindano, kisha chagua kipande chake

Anza mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla. Usijibane na Kombe la Dunia la wanaume peke yake. Kombe la Dunia la wanawake la 2027 linafanyika Brazili kuanzia Juni 24 hadi Julai 25. AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Euro ya 2028 iko Uingereza na Jamhuri ya Ireland, na Kombe la Dunia la 2030 wamepewa Moroko, Hispania na Ureno, mechi tatu za mwanzo zikichezwa Uruguay, Argentina na Paraguay. Mashindano ya wanawake yastahili kutazamwa kwa jicho la kibajeti pia. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 kule Australia na New Zealand, tiketi za watu wazima zilianzia dola 20 za Australia, na soka lililochezwa lilikuwa la kiwango cha juu kabisa.

Ukishachagua mashindano, chagua hatua ya makundi. Huko ndiko kwenye mechi nyingi: 72 kati ya 104 kwenye Kombe la Dunia la timu 48, na 36 kati ya 52 kwenye AFCON ya timu 24. Bei nazo ziko chini. Euro 2024 tiketi ya bei ya chini kabisa ya hatua ya makundi ilikuwa euro 30, na ya fainali euro 95, huku waombaji wa fainali wakiwa wengi mno kuliko viti. Fainali ni ndoto nzuri, lakini kwa bajeti ndogo mimi ningechukua mechi tatu za makundi bila kusita.

Ndani ya hatua ya makundi, siku za mwisho zina utamu wake. Mechi za kundi moja huchezwa kwa wakati mmoja, hesabu zinabadilika kila bao linapoingia, na baada ya hapo mashabiki wa timu zilizotolewa huanza kuachia vyumba na tiketi. Ukiweza kukaa mpaka mwanzo wa mtoano, unaweza kupata mechi ambayo wiki mbili kabla usingeigusa.

Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia mwisho

Watu wengi huanza kwa kuuliza safari itagharimu kiasi gani. Swali hilo halina jibu. Anza na fedha ulizonazo, kisha uzigawe mpaka zikuambie utakaa siku ngapi.

Tuseme una dola 2,000. Toa kwanza asilimia 10 ya dharura, dola 200, na uzisahau. Toa nauli ya ndege, tuseme 900. Toa viza, bima, picha na safari za ubalozini, tuseme 200. Zimebaki 700. Tiketi mbili za makundi za dola 60 kila moja ni 120, unabaki na 580. Sasa gharama za siku moja: kitanda cha hosteli 35, chakula 15, usafiri wa mjini 8, vitu vidogo 7. Jumla ni 65 kwa siku. Ukigawa 580 kwa 65 unapata siku 8, na dola 60 zinabaki. Hizo ndizo siku zako. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo halionekani kwa macho ya haraka. Nauli, viza na bima utazilipa zilezile ukikaa siku nne au siku kumi. Siku moja ya ziada kwenye mji uleule inagharimu dola 65. Mji mmoja wa ziada unagharimu nauli ya kufika huko, nusu siku ya njiani, na usiku wa kwanza ambao mara nyingi unaulipa ghali kwa sababu umechelewa kuutafuta. Ukitaka kufaidi zaidi, ongeza siku na upunguze miji.

Fungua akaunti au mfuko wa pembeni wa safari hii, uweke kiasi kilekile kila mwezi. Mbali na nidhamu, kuna faida nyingine: taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia taratibu kwa miezi mingi inasomeka vizuri ubalozini kuliko kitita kilichoingia wiki moja kabla ya maombi.

Hatua ya 3: Pasipoti na viza, kabla ya fedha yoyote isiyorudi

Hii ndiyo hatua inayovunja safari nyingi, kwa hiyo ipe muda mrefu kuliko zote.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi na kurasa tupu za kutosha. Ikikaribia kuisha, ibadilishe kabla hujaomba chochote, maana namba ya pasipoti inaingia kwenye viza, kwenye ndege, na mara nyingine kwenye kadi ya shabiki.

Kisha chunguza kama mashindano yana utaratibu wake wa kuingia. Urusi mwaka 2018 ilitumia kitambulisho cha shabiki, na mwenye tiketi alikitumia kuingia nchini bila viza. Qatar mwaka 2022 ilikuwa na kadi ya Hayya, na kuipata ilibidi uonyeshe mahali utakapolala. Moroko kwenye AFCON 2025 ilisajili mashabiki kwa programu ya simu iitwayo Yalla. Mambo haya hutangazwa miezi kadhaa kabla, na ni lazima uyasome kwenye tovuti ya waandaaji wenyewe.

Pasipo na utaratibu wa aina hiyo, shika neno hili: tiketi si viza. Kwa Kombe la Dunia la 2026 Marekani iliweka mpango wa FIFA PASS, unaowawahishia wenye tiketi miadi ya mahojiano, lakini uamuzi ulibaki kwa afisa wa viza. Nchi mwenyeji inaweza pia kuwafungia mlango raia wa taifa lililofuzu. Agizo la Marekani la Juni 2025 liliwagusa raia wa Iran na Haiti, likawaacha wachezaji na makocha waingie, mashabiki hapana. Raia wa baadhi ya nchi wametakiwa kuweka dhamana ya viza ya dola 5,000 hadi 15,000. Fedha hizo hurudishwa ukitoka kwa wakati, lakini kwa msafiri wa bajeti ndogo dhamana ya namna hiyo inaimaliza safari kabla haijaanza. Angalia masharti ya pasipoti yako leo, na uyaangalie tena kila mwezi.

Kwa Ulaya, viza ya Schengen, moja inayofunika nchi nyingi za bara hilo, inaombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haijalishi umekataliwa au umekubaliwa, hairudi. Lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa yanaweza kufika siku 45, na msimu wa mashindano usitegemee bahati.

Mashindano ya nchi zaidi ya moja yanahitaji umakini wa ziada. Viza ya Uingereza na ya Ireland ni vitu viwili tofauti. Viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki inafunika Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Ukitoka nchi moja kwenda mechi ya jirani na unakusudia kurudi, viza ya kuingia mara moja itakuacha mpakani, kwa hiyo omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo. Wakati mwingine viza moja inafungua mlango wa pili: Meksiko kwa miaka mingi imewaruhusu wenye viza hai ya Marekani au ya Schengen kuingia bila viza yake.

Ukiandaa maombi, andika safari yako kwenye ukurasa mmoja: siku ya kufika, mji, mechi na tarehe zake, kitanda, siku ya kurudi, nani analipa. Ambatisha barua ya mwajiri au nyaraka za biashara, na ushahidi wa familia au mali inayokurudisha nyumbani. Malazi weka yale yanayoghairiwa bure. Ndege onyesha nafasi uliyoshikiwa tu, usiilipie. Ukiulizwa kwenye mahojiano kwa nini mji huo, mtu aliyechagua kambi moja ana jibu fupi na linaloeleweka. Anayesema ataifuata timu popote itakapokwenda anaonekana hajui anakwenda wapi, na kwa kweli hajui.

Hatua ya 4: Tiketi za mechi

Nunua kwa mwandaaji tu: FIFA (dunia), UEFA (Ulaya) au CAF (Afrika), kwenye tovuti zao rasmi, na fungua akaunti kabla mauzo hayajaanza. Mauzo huja kwa awamu. Awamu za kwanza mara nyingi ni bahati nasibu, ambapo aliyeomba siku ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wana nafasi sawa, kwa hiyo usikeshe kwa hofu. Awamu za mwisho ni za wa kwanza kufika, na hizo ndizo za kukesha.

Kwenye bahati nasibu ya FIFA, ukishinda kadi yako inakatwa yenyewe. Kadi isipokuwa na salio, au benki ikazuia malipo ya nje, unapoteza tiketi uliyoshinda. Nenda benki mapema, omba kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kipandishwe na malipo ya kimataifa yafunguliwe. Usiombe mechi nyingi kuliko unazoweza kulipia zote kwa pamoja, maana unaweza kushinda zote.

Kuongeza nafasi yako, omba mechi zisizogombewa: siku za kazi, saa za mchana, timu zisizo na majina makubwa, viwanja vikubwa. Hapa tena mji unakusaidia, kwani unaomba kila mechi ya bei ya chini inayochezwa karibu na kambi yako, si mechi tatu za timu moja ambazo nusu ya taifa inazitaka.

Uliza pia shirikisho la soka la nchi yako. Timu iliyofuzu hupewa mgao wa tiketi kwa ajili ya mashabiki wake. Kwa Kombe la Dunia la 2026, baada ya malalamiko makubwa kuhusu bei, FIFA ilitenga tiketi za dola 60 kwa kila mechi na kuzipitisha kwa mashirikisho ya timu zinazocheza. Mgao huo ni mdogo na hupotea haraka.

Ukikosa, liko soko rasmi la kuuziana. Masharti yake hutofautiana sana. UEFA kwenye Euro 2024 iliruhusu kuuza kwa bei ya kwenye tiketi tu. Soko la FIFA la 2026 liliachia wauzaji wa nchi nyingi wapange bei wenyewe, na likatoza asilimia 15 kwa mnunuzi na 15 nyingine kwa muuzaji. Kabla hujalipa, jumlisha makato. Walanguzi wa mitandaoni na wa nje ya uwanja waepuke kabisa. Tiketi za siku hizi zinakaa ndani ya programu ya simu, picha ya skrini haifungui geti, na fedha uliyomtumia mtu usiyemjua haina pa kudaiwa.

Je, ununue tiketi kabla ya viza? Palipo na soko rasmi la kurudisha, ndiyo, lakini za bei ya chini tu, moja au mbili. Viza ikigoma, unaziuza na hasara inakuwa ndogo.

Hatua ya 5: Ndege

Nunua viza ikishakuwa mkononi. Fika angalau siku moja kamili kabla ya mechi yako ya kwanza, kwa sababu ndege kuchelewa ni jambo la kawaida na mechi haikusubiri. Tafuta pia viwanja vya ndege vya miji ya jirani: wakati wa Kombe la Dunia la Qatar, mashabiki wengi walilala Dubai na kuruka Doha kwa ndege za kwenda na kurudi siku ileile.

Mtego mkubwa wa nauli za chini ni viza ya kupita. Marekani na Kanada zinawadai viza hata abiria wengi wanaobadilisha ndege tu, na Uingereza inawadai raia wa nchi kadhaa. Ukiunganisha tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, huenda ukalazimika kutoka, kuchukua begi na kupita uhamiaji, jambo linalohitaji viza ya kuingia. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni kwako wala haikujui. Nauli iliyopungua dola 80 kwa njia hiyo si nafuu.

Safiri na begi la mkononi peke yake ukiweza. Jezi mbili, koti jepesi, viatu vya kutembea.

Hatua ya 6: Kitanda

Weka oda inayoghairika bure mara tu ratiba inapotoka, kisha endelea kuchungulia. Waandaaji hushikilia vyumba vingi kwa ajili ya timu, maofisa na wadhamini, na visivyohitajika huachiwa miezi michache kabla. Bei ikishuka, weka oda mpya kwanza, ndipo ughairi ya zamani.

Kabla ya yote, tafuta uwanja wenyewe kwenye ramani, maana jina la mji linadanganya. Uwanja uliotangazwa kama wa New York na New Jersey uko East Rutherford, ng'ambo ya mto. Wa Boston uko Foxborough, kilomita kama 45 nje ya mji. Wa San Francisco uko Santa Clara, kusini kabisa ya ghuba, na wa Dallas uko Arlington. Qatar nayo, uwanja wa Al Bayt ulikuwa Al Khor, ambako reli ya metro haifiki. Mtu aliyelipa ghali kulala katikati ya mji maarufu aliweza kukuta aliyelala pembezoni, upande wa uwanja, yuko karibu kuliko yeye.

Kanuni yangu ni kutafuta kituo cha treni au basi chenye safari za usiku, kisha kutafuta kitanda kwa umbali wa kutembea kutoka kituo hicho. Hosteli, mabweni ya vyuo wakati wa likizo, kambi za mahema na nyumba ya kukodi kwa kundi la watu wanne au watano, vyote vinafaa. Kundi hushusha gharama sana, lakini kubalianeni kwa maandishi nani kalipa nini na nini kitatokea mmoja akinyimwa viza. Urafiki mwingi umevunjika hapo.

Usafiri wa mwenyeji unaweza kubadilisha hesabu nzima. Urusi ilitoa treni za bure kati ya miji kwa wenye tiketi. Qatar ilitoa metro na mabasi ya bure kwa wenye Hayya. Ujerumani, tiketi ya mechi ilikuja na saa 36 za usafiri wa mjini, kuanzia saa 12 asubuhi ya siku ya mechi. Moroko ina treni ya kasi ya Al Boraq kutoka Tangier kupitia Rabat hadi Casablanca, lakini reli haifiki Agadir. Unashuka Marrakech na kupanda basi. Usidhani kila mwenyeji atatoa bure, na usipange mji ambao hujajua utautoka vipi usiku.

Hatua ya 7: Fedha, simu, afya

Beba kadi mbili za benki tofauti, kila moja mahali pake, na fedha taslimu za kukutosha siku mbili. Mashine ikikuuliza kama ikate kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ile nyingine huja na kiwango kibaya cha kubadilisha. Viwanja vingi sasa havipokei noti.

Chakula, mlo mmoja mkubwa mchana mbali na uwanja, kifungua kinywa na chakula cha usiku kutoka dukani na jiko la hosteli. Vinavyouzwa ndani ya uwanja vina bei ya uwanjani. Siku zisizo na mechi, nenda maeneo rasmi ya mashabiki. Yalianza rasmi kwenye Kombe la Dunia la 2006 Ujerumani na kwa kawaida kiingilio ni bure, ingawa baadhi ya miji hutaka ujisajili au ulipe kidogo.

Bima usiiguse kwenye kubana matumizi. Mguu ukivunjika Marekani bila bima, deni lake ni la miaka. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake tangu 2016 kinahesabika halali maisha yote. Hifadhi nakala za pasipoti, viza, bima na tiketi kwenye barua pepe, na umwachie mtu wa nyumbani nakala nyingine.

Hatua ya 8: Siku ya mechi

Simu ndiyo tiketi. Pakua kila kitu ukiwa na intaneti ya kuaminika, jaza chaji, beba betri ya akiba ndogo. Tiketi za UEFA huamka kwa bluetooth ukikaribia uwanja, kwa hiyo usishtuke ukiona msimbo haujatokea ukiwa hostelini. Soma orodha ya vilivyokatazwa. Euro 2024 begi lililozidi ukubwa wa karatasi ya A4 halikuingia, na viwanja vingi vya Marekani vinataka mfuko angavu unaoonyesha vilivyomo ndani. Kulipia kuhifadhiwa begi getini ni gharama ya kizembe.

Fika saa tatu kabla ya mechi kuanza. Mara ya kwanza uwanja mgeni unachanganya, na foleni za ukaguzi hazijali kwamba wimbo wa taifa umeanza.

Panga kurudi kwako kwa uangalifu kuliko kwenda. Juni 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, mechi ya Chelsea na Benfica kule Charlotte ilisimamishwa kwa radi karibu saa mbili, kisha ikaingia muda wa nyongeza. Waliokata basi la usiku uleule walikuwa na uamuzi mgumu. Gelsenkirchen, baada ya Serbia na England mwaka 2024, maelfu walisubiri tramu mpaka usiku mwingi. Usikate ndege wala basi la mbali kwa usiku wa mechi. Ukibaki jukwaani nusu saa baada ya filimbi, au ukatembea mpaka kituo cha pili badala ya kile cha mlangoni, mara nyingi unafika kitandani mapema kuliko waliokimbia.

Tiketi uliyoibakiza iuze kwenye soko rasmi mapema, maana mauzo hufungwa saa chache kabla ya mechi. Na siku ya kuondoka iwe mbali na asubuhi inayofuata fainali, kwa sababu siku hiyo kila kiti cha ndege kina mtu wa kukigombea. Viza yako inapokaribia kuisha, ondoka hata kama timu yako imeingia nusu fainali. Hakikisha kutoka kwako kumeandikwa, kwa muhuri au kwa mfumo wa kielektroniki, na tunza kipande cha kupandia ndege, kwa sababu afisa atakayepokea maombi yako ya mashindano yajayo ataangalia kwanza kama safari iliyopita ulitoka kwa wakati.